Anwani Zilizopakwa Rangi Kwenye Matangi

Ninyi mliorithi kiti changu, najua mnanicheka. Abdi ameniambia. Mnasema Madam amestaafu, yuko Kitui na kuku wake, lakini kila asubuhi kabla hajawasha jiko anafungua ukurasa wa kisima kimoja kilicho ndani ya Fafi, anautazama, anaufunga, na baada ya chai anaufungua tena. Eti mnaniona kwenye kumbukumbu za seva. Kwanza, acheni umbea. Pili, ni kweli, na nitawaambia kwa nini. Nasikia mnataka kuihamisha tovuti tena, na mmoja wenu ameuliza kwenye kikao zile kanuni za zamani za anwani ni za nini, si zifutwe tu. Nilipoambiwa hayo niliacha kuku nikachukua kalamu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nilipopangiwa kazi Garissa, kufundisha kompyuta kwanza kisha kuhamia mradi wa visima, mama yangu alilia, nami nikajifanya shujaa mpaka basi lilipoondoka. Garissa ikanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilipanga nyumba mtaa wa Iftin, nikajifunza kunywa chai yenye maziwa ya ngamia, na nikagundua kwamba kazi ya tovuti inamfaa sana mtu asiyelala vizuri.

Kwa wale wageni kabisa, tovuti yetu inajibu swali moja tu: kisima gani kinatoa maji leo? Visima vyetu ni vile virefu vya mashine, na mashine ikifa hakuna ndoo wala kamba itakayofika chini. Mtu mwenye ngamia na mbuzi akitembea siku nzima na zaidi akifuata maji, akakuta jenereta imekufa, hana nguvu ya kurudi. Ndiyo maana kila kisima kina ukurasa wake, na mwendesha mashine hutuma ujumbe kila hali inapobadilika. Kijani ni kazi, nyekundu ni kuharibika.

Sasa, anwani. Mradi ulipoanza kulikuwa na fundi wa rangi mwenye mwandiko mzuri ajabu. Alizunguka na lori kuanzia Fafi mpaka Bute akipaka kwenye kila tangi anwani ya ukurasa wa kisima kile, herufi kubwa za buluu zinazosomeka ukiwa mbali. Wazo lilikuwa kwamba mchungaji akifika kisimani anaipiga picha au kuinakili, na siku nyingine akiwa penye mtandao anaifungua kabla ya kuanza safari. Likafanya kazi vizuri mno. Watu waliziimba anwani zile kwa mdomo, mtu akimwambia shemeji yake, naye akimwambia jirani. Kwa hiyo mkisema "tubadilishe anwani ziwe nadhifu", fikirieni kwanza mtamtoa wapi yule fundi, na lori, na rangi, na mtaingiaje ndani ya vichwa vya watu kufuta.

Wakati huo seva yetu ilikuwa kompyuta moja chini ya meza yangu. Vumbi la Garissa mnalijua. Ilipumua kama mgonjwa wa pumu, nami kila Ijumaa niliifungua na kuipuliza. Tulipoambiwa tuhamie kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali huko, nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Kijana aliyeletwa kunisaidia alikuwa Abdi, mzaliwa wa Iftin hapo hapo, mwepesi wa mikono na wa maneno.

"Madam, relax," aliniambia siku ya kwanza. "Hii kitu ni ya kuset mara moja, halafu unasahau."

"Hiyo sehemu ya kusahau ndiyo siipendi," nikamjibu.

Jioni ile tulifungua tovuti mpya na ikatoka uchi. Maandishi meusi juu ya ukurasa mweupe, hakuna rangi, hakuna ramani, hakuna picha, kijani na nyekundu vyote vimepotea. Abdi alishika kichwa. Shida ilikuwa kanuni yetu ya kuandika upya anwani. Tulikuwa tumesema kila anwani inayoingia ipelekwe kwa programu ya visima. Kila anwani! Hata picha ilipoombwa, hata faili ya rangi, ilipelekwa kwa programu, na programu isiyojua habari za picha ikarudisha ukurasa wa mbele. Kivinjari kilikuwa kinaomba nguo na kupewa barua.

Kanuni hizi husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayokubali ndiyo inayofanya kazi. Mfikirie askari wa getini. Mwambie kwanza, akija mtu anayetaka kitu kilichopo kwenye rafu, mpe aondoke, usimsumbue mkubwa ofisini. Faili zisizobadilika zikae juu kabisa. Kisha anwani za matangi, zigeuzwe kwenda kwenye kurasa mpya. Mwisho kabisa ndiyo useme waliobaki waende kwa programu. Na kitu kisichopo kiambiwe hakipo. Msimpeleke mtu ukurasa wa mbele kwa tabasamu kana kwamba amefika.

Jambo jingine lililotutoa jasho ni herufi kubwa. Kompyuta ya chini ya meza haikujali kubwa na ndogo. Ile ya wingu ilijali sana, na fundi wetu alikuwa amepaka kila kitu kwa herufi kubwa. Kwa saa kadhaa hakuna tangi hata moja lililofunguka. Tukaongeza kanuni ya kuzishusha zote ziwe ndogo kabla ya kuzitafuta. Hiyo nayo nimesikia mnaiita takataka.

Halafu kuna ubishi mmoja nilioushinda. Abdi alikuwa amesoma mahali kwamba anwani ya zamani igeuzwe kwa kudumu, ili simu ikishaambiwa mara moja ikumbuke, isiulize tena. Mimi nikasema hapana, tugeuze kwa muda tu, simu iulize kila mara. Alinicheka. Alisema Madam hata ndoa yako ungeifunga kwa muda. Lakini alifanya nilivyotaka, na shikeni hilo, tutalirudia.

Bado kulikuwa na tatizo la mtandao wenyewe. Bura mjini unapatikana, ukitoka kidogo unayumba, ukiingia ndani umekwisha. Watu walilalamika kwamba ukurasa unachukua muda, unakula bando. Tukakaa tukaamua, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba simu ikishapakua kurasa na faili zetu iziweke akiba kwa muda mrefu, mwaka mzima, ndivyo miongozo yote inavyoshauri kwa vitu visivyobadilika. Picha ya tangi haibadiliki. Ramani haibadiliki. Siku ile tovuti ilifunguka haraka kuliko kupepesa jicho, hata bila mtandao. Ofisi nzima ilipiga makofi. Abdi akachukua simu ya mjomba wake, Abti Hassan (abti ni mjomba, na mjomba naye humwita mpwa wake vivyo hivyo), akambandikia kwenye uso wa simu alama ya kisima anachokitumia, ili mzee abonyeze tu na kuona. Mzee alifurahi, akatuletea maziwa.

Mjomba huyo ni kaka wa Habiba, mamake Abdi, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa na ngamia, mbuzi wengi, mke, binti aitwaye Sahra aliyesoma mpaka darasa la nane, na mama yao mzee ambaye Abdi anamwita ayeeyo, yaani nyanya. Familia hii yote ilikuwa inatembea na mifugo ule mwaka ambao mvua zilikataa.

Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Bishar, mwendesha mashine wa kisima kile cha ndani ya Fafi. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na alikuwa na hasira.

"Madam, mbona nyinyi naleta watu kwangu? Jenereta imekufa, mimi nimetuma ujumbe. Watu nakuja na ngamia, nauliza maji, nasema simu imesema maji iko!"

Nilifungua ukurasa wake palepale nikiwa bado naye kwenye simu. Ulikuwa mwekundu. Nikamwambia, Bishar, hapa inaonyesha imeharibika. Akaniuliza sasa hawa watu wana wazimu au yeye ndiye mwenye wazimu. Kisha mtandao ukakatika.

Niliweka simu chini. Nikamwita Abdi. Naye akafungua kwenye kompyuta yake, nyekundu. Tukatazamana. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi na yeye tumezoea kufuta akiba ya vivinjari vyetu kila tunapofanya kazi, tunauona ukurasa mpya kila siku. Hakuna mchungaji anayefuta akiba. Abdi alitoka mbio hadi sokoni, akarudi na mamake na simu ya mamake. Tuliziweka simu mbili mezani, yangu na ya Habiba, kisima kilekile. Yangu nyekundu. Yake kijani.

Hali ya kisima, jamani, tulikuwa tumeiweka katika folda moja na picha. Kajifaili kadogo kanakobeba neno moja, na ukurasa wenyewe, vyote viliangukia chini ya amri ya kukaa akiba mwaka mzima. Picha ya tangi haibadiliki. Maji ya tangi yanabadilika.

Habiba alikuwa bado hajaelewa. Alitazama simu moja, akatazama nyingine.

"Gani nasema kweli?"

"Hii ya Madam, hooyo," Abdi akamjibu mamake.

"Na ya Hassan iko kama yangu?"

Abdi akaifunika ile simu ya kijani kwa kiganja. Habiba akakaa kitini taratibu. Kakake alikuwa amempigia kutoka Bura, kisha akaondoka na watu wake wote kuelekea kisima kile. Kutoka Bura mpaka pale hakuna mtandao hata kidogo, na hakuna maji mengine njiani.

"Mama iko juu ya ngamia," alisema. "Mama yangu hawezi kutembea."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Nilikosea nywila mara mbili. Lakini kazi yenyewe tuliifanya, na hapa ndipo ile geuza ya muda ilipotuokoa nusu. Simu iliyohifadhi ukurasa haiulizi tena, na seva haiwezi kuipigia simu kuiambia iache uongo. Ila mtu akiandika anwani ya kwenye tangi, simu yake bado inauliza niende wapi. Tukahamisha kurasa zote za visima mahali papya penye jina jipya, ambapo tumeziambia simu zisiweke akiba hata dakika, na tukaielekeza kila anwani ya tangi huko. Aliyeingia kwa mlango wa tangi alipata ukweli tangu wakati ule. Kama tungekubali ile ya kudumu, hata mlango huo ungekuwa umefungwa.

Lakini Abti Hassan haingii kwa mlango wa tangi. Alikuwa na alama aliyobandikiwa na mpwa wake, ya kubonyeza tu, inayofungua moja kwa moja ule ukurasa wa zamani ulio kwenye akiba.

Habiba ndiye aliyeinuka kwanza. Magari ya maziwa, alisema. Kila asubuhi yanatoka malishoni na mitungi iliyojaa, na mchana yanarudi ndani na mitungi mitupu. Dereva mmoja, Dekow, hupita njia ileile. Tulimkuta akifunga mzigo. Habiba akamshika mkono akamwambia kwa Kisomali haraka haraka, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Madam, nitamwambia. Lakini huyu mzee ataniamini? Simu yake nasema kijani. Nyinyi mlibita na gari ya sbika, mkasema msiamini maneno ya soko, aminini simu."

Ni kweli. Mradi ulipita na kipaza sauti kila kituo ukisema hivyo, na watu waliamini, kwa sababu kwa muda mrefu simu ilisema kweli. Na sasa tulikuwa tunampelekea mzee neno la soko, kwa gari la mitungi mitupu, limshinde rafiki yake wa kijani.

Nilimwambia tu mwambie.

Kungoja kule simtakii adui. Abdi hakuondoka ofisini, wala mimi. Tulipeleka habari kwa watu wa malori ya maji, wakaahidi lori, lakini walituuliza liende wapi hasa, nasi hatukujua. Habiba aliacha biashara, akaja kukaa kwenye benchi letu na tasbihi. Kila simu ilipolia tulishtuka sote watatu. Mara ni mtu wa karatasi za printa, mara ni mtu amekosea namba. Nilikuwa nikifungua ukurasa wa kisima kila baada ya muda, kana kwamba unaweza kuniambia ngamia wamefika wapi. Ulikuwa mwekundu na ulikuwa sahihi, na haukuwa na faida yoyote kwa mtu ninayemtaka. Mimi ni Mkristo, lakini kuna wakati nilijikuta nikisema "inshallah" pamoja na Habiba, kwa sauti, na hakuna aliyeshangaa.

Habari ilipokuja ilikuja na Dekow mwenyewe, na mitungi yake haikuwa na maziwa mengi. Aliwakuta. Na ilitokea kama alivyohofia. Abti Hassan alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita Sahra alete simu. Sahra akabonyeza alama. Kijani.

Sasa, ninyi mliotoka bara kama mimi, lazima mjue jinsi watu wa huko wanavyopokeana habari. Mtu akija kutoka mahali haulizwi tu kuna nini. Anaulizwa nani ameona, kwa macho yake au kwa kusikia, na lini. Mvua imenyesha? Nani ameiona? Jana au juzi? Asiyeweza kujibu hayo chai atapewa, lakini habari yake haihamishi mbuzi mmoja.

Kwa hiyo mzee akamuuliza Dekow. Nani ameona? Dekow akasema Bishar, mwenye mashine, kwa macho yake. Lini? Juzi. Halafu mzee, Dekow anasema, akamgeukia binti yake.

"Uliza simu. Nani ameona? Lini?"

Sahra akatafuta juu, akatafuta chini. Ukurasa wetu mzuri, wa haraka, wenye ramani na picha ya tangi, haukusema nani wala lini. Mzee akamwambia aifunge, akageuza mifugo kuelekea njia ya magari, ambako lori la maji lingeweza kufika. Dekow akaendesha mpaka penye mtandao, akatupigia akakuta laini yetu ina mtu, akawapata wale wa malori. Lori likawakuta barabarani.

Ayeeyo alifika hospitali akiwa hai. Aliwekewa maji ya mshipa, na baada ya hapo akaanza kugombeza kila mtu, Habiba akalia kwa furaha. Mbuzi wengi hawakufika barabarani. Na ngamia waliokuwa wametangulizwa na vijana siku moja mbele, hao walifika kisimani kwa Bishar, na si wote waliorudi. Sikuuliza wangapi. Abdi aliuliza, na kwa wiki nzima hakutania mtu.

Tangu hapo kila ukurasa unasema vitu vitatu: hali, aliyeiona kwa macho yake, na lini. Mmesema vinachukua nafasi kwenye skrini ndogo. Acheni vichukue. Na kabla hamjatoa amri yoyote ya kuweka akiba, chukueni simu ya mtu wa sokoni, siyo yenu, muiweke mezani kando ya yenu. Kanuni za matangi zisiguswe. Rangi ya buluu ingali inasomeka, nimeulizia, na kuna watu wazima waliozaliwa baada ya kupakwa kwake wanaoijua kwa moyo.

Abti Hassan alikuja ofisini wiki chache baadaye. Nilitaka kujificha, lakini alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto wangu, akakubali chai. Kisha akatoa simu yake akaiweka mezani. Mtandao ulikuwa mzuri siku ile, na kisima cha Bishar kilikuwa bado kimekufa, kinangoja vipuri. Akabonyeza alama yake. Kijani. Inafanya kazi.

Abdi akanyoosha mkono haraka kuifuta. Mzee akamshika kiganja.

"Wacha, abti. Nataka Madam aone."

Niliona. Akanigeukia, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyouliza habari ya mgonjwa.

"Hii simu, Madam. Yenyewe itajua lini?"

Nilipiga hesabu ya muda tuliouandika kwa mikono yetu, ule tuliopigiwa makofi. Sikuweza kumtazama usoni nilipomjibu.

"Mwaka ujao, Abti," nikasema.